Sinema Iliyofukia Mtaro

Mama yangu amekaa kwangu Dallas, mtaa wa hapa Embu, tangu mvua za Aprili ziishe, na kusema kweli tumechokana. Hatujagombana. Tumechokana tu, kama watu wawili waliolala kitanda kimoja chembamba kwa muda mrefu. Kila Jumanne na Ijumaa nampeleka mjini kwa daktari wa viungo, kijana mpole mwenye mikono baridi, ambaye humlaza kifudifudi na kumbonyeza mgongo huku akiniambia mimi, si yeye, kwamba mifupa ya kiunoni imesagika. Kila mara huuliza kama mama alifanya kazi nzito ujanani. Kila mara mimi humjibu kwamba alikuwa mke wa mwalimu. Huandika kitu kwenye faili lake, sijui nini.

Angekuwa mtu wa kwetu angetazama paji la uso na asiulize. Wanawake wa kwetu Kanyakine, kule Meru, wa rika la mama wana kibonde juu ya nyusi, mahali ukanda wa ngozi ulipokaa miaka yote waliyobeba maji mgongoni. Ninapomfunga mama kitambaa asubuhi, kidole changu huingia katika kibonde hicho na kutulia. Mtoto wangu aliwahi kuniuliza kama bibi alipigwa na kitu. Nilimwambia hapana, ni maji.

Basi Jumapili moja nilikuwa nimetoka kanisani, nimepika, nimefua, na sasa napiga pasi nguo za kazi za wiki nzima, maana nikiacha ya Jumatatu hadi Jumatatu huwa naenda ofisini na mikunjo. Niko karibu kustaafu, magoti yananiuma, na ndugu zangu wa kiume wana sababu zao za kutoweza kukaa na mama. Mama alikuwa kwenye kochi, amefunikwa shuka, macho yamefungwa. Televisheni ilikuwa ikijisemea yenyewe. Huwa wanaonyesha sinema za zamani mchana wa Jumapili, nadhani kwa sababu hakuna anayetazama.

Niliinua macho nikaona mnara wa kanisa wenye saa ya duara, na chini yake bwana mnene mwenye kofia akigawa peremende kwa watoto. Nikaiweka pasi chini. Nilikuwa nimemjua bwana yule kabla sijajua namjulia wapi.

Nilikuwa nimeitafuta sinema ile muda mrefu. Sikuwa na jina lake. Kwetu ilikuwa na jina alilolipa baba, Maji ya Hasira, na jina hilo halikuwa la mtu mwingine yeyote duniani. Niliwahi kumweleza mwenzangu wa ofisini: mji ulio bondeni, ukuta mkubwa wa maji juu yake, mzee anayewaonya watu, watu wanacheka, ukuta unapasuka. Akaniambia sinema za namna hiyo ni nyingi kama mchicha. Nikaacha kutafuta. Na sasa imenijia nyumbani kwangu, bila hodi, nikiwa na blauzi yenye mkunjo mkononi.

Nilikuwa darasa la nne nilipoiona mara ya kwanza. Kwetu kila kijiji kiko juu ya kilima chake na mto wake uko chini kabisa, na njia ya mtoni ni udongo mwekundu unaoteleza hata kabla mvua haijaamua kunyesha. Mwaka ule kamati ya maji iliamua maji yashikwe juu msituni, yateremshwe kwa bomba hadi kwenye tangi la saruji ambalo lingejengwa juu ya shule, kisha yagawiwe kila boma. Serikali ingetoa mabomba na saruji. Sisi tungechimba mtaro.

Kila boma lilipewa vipimo vyake. Kipimo chenyewe kilikuwa mti mmoja ulionyooka, uliotembezwa na wazee wawili wa kamati ambao hawakuaminiana, kwa hiyo kila mmoja alishika ncha yake. Sisi tulipata vipimo kumi na viwili kando ya kahawa yetu. Mama ndiye aliyevichimba. Baba alikuwa mwalimu, tena katibu wa kamati, na katibu hachimbi. Mimi nilitoa mawe na kuyapanga pembeni. Jioni mama alikuwa akisimama ndani ya mtaro, udongo umemfika magotini, anatazama kule juu ambako maji yangetoka, na sijawahi kumwona akitazama kitu kingine namna ile.

Mtaro ulipofika nusu, kamati ikaona watu watiwe moyo. Wakaita gari la sinema kutoka Meru mjini. Hakuna aliyeuliza sinema yenyewe inahusu nini. Sinema ilikuwa sinema, na wenye gari walileta waliyokuwa nayo. Ndivyo ilivyotokea kwamba watu wanaojenga tangi la maji juu ya vichwa vya watoto wao walionyeshwa, kwa heshima na taadhima, bwawa likipasuka na kumeza mji.

Ilionyeshwa mchana, katika ghala la kahawa la pale kiwandani, madirisha yamezibwa kwa magunia. Chifu alisimama mbele akasema, "Watu yangu, mmefanya kazi mzuri sana. Leo tumewaletea sinema. Mkae mkinyamaza, na hiyo mambo ya kusukumana mimi sitaki." Mkalimani wa gari lile alijua Kiswahili tu, na wazee wetu wa wakati ule Kiswahili walikisikia kwenye baraza na kukiacha huko huko. Kwa hiyo baba akaitwa afasiri Kiingereza cha sinema kwa Kimeru. Alikuwa amevaa suti yake ya kijivu. Akapewa kipaza sauti, akasimama kando ya kitambaa cheupe. Mimi nilikaa sakafuni na watoto wengine, karibu na viatu vyake, nikiwa na fahari ambayo hadi leo naikumbuka mwilini.

Kisha mvua ikaanza. Mtu ambaye hajakaa ndani ya ghala la mabati wakati wa mvua ya Aprili kule kwetu hawezi kuelewa. Huwezi kusikia hata kikohozi chako. Watu wa sinema walikuwa wakifungua na kufumba midomo tu. Sauti moja iliyosikika ilikuwa ya baba, kwa sababu alikuwa akipiga kelele kwenye kipaza sauti, na sauti hiyo haikusita hata mara moja.

Alituambia yule mzee mwenye ndevu nyeupe ni nabii. Nabii ameteremka kutoka mlimani na kuinua mikono, na anasema: Mungu aliuweka mto chini ya miguu ya mtu ili mtu ainame anapouomba. Ninyi mmeuweka juu ya vichwa vya watoto wenu. Utateremka. Bwana mnene anamwambia, nabii umelewa. Watu ghalani wakasonya. Nabii anakwenda kwa kila mlango, anaomba, anafukuzwa. Baba alikuwa mhubiri pia siku za Jumapili, na siku ile alihubiri kuliko Jumapili zote.

Ukuta ulipopasuka, maji yakajaa kitambaa kizima, mwanamke mmoja akabaki ananing'inia kwenye paa. Wakati huo huo maji ya uwanjani yakapita chini ya mlango wa ghala, na mtu wa nyuma akahisi miguu imelowa. Alipiga ukelele mmoja tu. Watu wote waliinuka kwa pamoja, mlango ukang'oka, tukajikuta nje kwenye mvua tukikimbilia upande wa juu wa kilima, wazee kwa watoto. Bibi mmoja alipoteza kiatu na kukilaumu kiwanda cha kahawa hadi alipokufa. Hakuna aliyeumia. Wenye gari walizima mashine yao na kufunga vitu kwa hasira, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona mwisho wa sinema.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa siku ya kuchimba. Watu walikuja na majembe kama kawaida, mapema kuliko kawaida, na bila kuamriwa wakaanza kufukia. Kila boma lilifukia vipimo vyake. Wale wazee wawili wakaja na mti wao, mmoja kila ncha, kuhakikisha hakuna aliyeacha sehemu. Sijaona tena kazi ya umma ikifanywa upesi namna ile. Mama alifukia vyetu kumi na viwili peke yake, akakanyaga udongo kwa visigino kama mtu anayepanda mgomba. Mimi nilimpa mawe, akayarudisha ndani, moja moja.

Ofisa wa maji alikuja na gari lake jeupe kuuliza kumetokea nini. Akawaambia wazee, "Hii tangi ni kidogo tu. Ata ikipasuka haiwezi kuua kuku." Mzee mmoja akamjibu, "Ata wale wa sinema waliambiwa hivyo." Baba, akiwa katibu, ndiye aliyeandika barua ya kukataa mradi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri sana. Mabomba yakachukuliwa na watu wa kilima cha ng'ambo, na haukupita muda tukaanza kuona nguo zao zimeanikwa nyeupe kuliko zetu.

Maji ya bomba yalifika kwa mama nikiwa tayari nimeajiriwa Embu, nimeolewa, nina watoto. Tangi lilijengwa pale pale juu ya shule, na lipo hadi leo, halijamwaga kitu. Mama alikuwa ameshapinda. Kwenye mazishi ya baba mzee mmoja alisimama akasema tumshukuru Mungu kwa ajili ya mwalimu, ndiye aliyetuokoa na maji. Watu wakaitikia amina. Mimi pia niliitikia, na sikupenda jinsi sauti yangu ilivyotoka.

Maana nilikuwa nimeanza kushuku. Nilikuwa mtu mzima, ninafungua mfereji jikoni kila asubuhi, na maji yanakuja kutoka kwenye tangi lililo juu ya mji. Nilijiuliza kama yule nabii aliyasema yale kweli. Sikuwahi kumuuliza baba. Nilitaka kuiona sinema kwanza, niwe na hakika, kisha nimuulize. Akafa nikiwa bado naitafuta. Baada ya hapo jambo lililobaki lilikuwa moja, na lilikuwa la mama. Ikiwa baba alikosea, basi mgongo ule unaobonyezwa kila Jumanne na Ijumaa ulivunjwa bure. Mama alimheshimu baba kwa maisha yake yote, na bado anamheshimu, picha yake ameileta Dallas kwenye mfuko pamoja na dawa. Sikutaka ajue. Niliomba kwamba akifa, afe bila kujua.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichofanya Jumapili ile ni kupunguza sauti. Nilivuta kigoda hadi karibu kabisa na televisheni, nikainama kama mtu anayeota moto, nikatazama.

Jamani, ilikuwa ndogo. Hilo halikuniumiza, lilinichosha tu. Ule ukuta uliotufukuza ghalani ulikuwa kitu cha kuchezea, unaona kabisa kwamba maji nyuma yake hayazidi ya beseni. Nyumba zilikuwa za karatasi ngumu. Mwanamke aliyening'inia kwenye paa, ambaye nilimwota miaka, nywele zake zilikuwa zimetengenezwa vizuri mwanzo hadi mwisho, mafuriko yanapita chini na hakuna unywele uliotoka mahali pake. Nilikuwa nimekimbia kwenye mvua kwa ajili ya hiki.

Na yule mzee hakuwa nabii. Alikuwa fundi, mhandisi aliyeujenga ukuta ule ujanani mwake. Alikuwa ameona ufa. Alipoinua mikono alikuwa akionyesha upana wa ufa, hivi. Alikuwa akimwambia bwana mnene kwamba saruji ya kutengeneza ufa iliagizwa na ikauzwa njiani, na kwamba wakiutengeneza wiki hiyo hiyo ukuta utasimama miaka mia. Alilipenda bwawa lile. Alisema, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba kabla ya bwawa watu wa mji ule walikuwa wakizika watoto kwa sababu ya maji machafu. Nilishika goti langu. Hakusema lolote juu ya Mungu.

"Ongeza sauti," mama akasema nyuma yangu.

Sikugeuka mara moja. Nilidhani labda anaota.

"Ongeza. Siku ile hatukusikia kitu."

Alikuwa amekaa, shuka mabegani, miwani machoni. Sijui alikuwa macho tangu lini. Alikuwa ameitambua kabla yangu labda, mama hasahau sura ya mtu. Nikaongeza sauti. Nini kingine ningefanya? Akatazama kidogo, kisha akanyoosha kidole kilichopinda kuelekea kwa yule mzee, ambaye sasa alikuwa kwenye mlango wa nyumba fulani, kofia mkononi.

"Huyo mzee anasema nini?"

Mama hajui Kiingereza. Sisi wawili huongea Kimeru, na Kimeru changu kimeanza kuwa cha mtu wa mjini, lakini nilikuwa na maneno ya kutosha. Nilikuwa na maneno ya baba, yote, nimeyahifadhi kama aya za Biblia. Nikayasema. Nikamwambia anasema Mungu aliuweka mto chini ya miguu ya mtu, na wao wameuweka juu ya vichwa vya watoto wao, na utateremka. Niliyasema nikitazama televisheni. Nilikuwa na miaka hamsini na kitu, nimesimamia watu ofisini, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto aliyevunja chungu.

Mama akatikisa kichwa.

"Hapana," akasema. "Hayo ni ya baba yako. Niambie ya huyo mzee."

Basi nikamwambia. Nilimwambia ufa, saruji, miaka mia, watoto waliozikwa kwa sababu ya maji machafu. Ukuta ukapasuka tukiwa tunaongea, na hakuna aliyeshtuka. Kisha ikaja sehemu ambayo hatukuiona siku ile. Asubuhi, matope, watu wachache. Bwana mnene hayuko. Yule mzee yuko hai, amekalia jiwe. Mtu anamuuliza tufanye nini sasa, naye anasema, tuujenge tena, pale pale, ila safari hii tuulinde. Na watu wanapanga mstari, wanapeana ndoo za zege mkono kwa mkono. Nikamfasiria mama neno kwa neno. Halafu yakaja matangazo ya sabuni.

Nilingoja alie, au aniulize, au alaani. Nilikuwa tayari kumtetea baba, nilikuwa nimeanza kupanga maneno: alikuwa kijana, mvua ilikuwa kubwa, alidhani amesikia.

"Alikuwa mzuri huyo mzee," mama akasema. "Baba yako alikuwa akijiuliza sana alisema nini."

Nikageuza kigoda.

Akanieleza bila haraka, akisugua magoti. Jioni ile ya sinema baba alirudi akaketi jikoni na koti likiwa limelowa, hakulivua. Akamwambia hakusikia hata neno moja. Aliona midomo tu. Watu mia wamekaa wanamtazama, chifu anamtazama, yeye ni mwalimu, atasimama pale aseme sisikii? Akaona mzee ameinua mikono, akasema yaliyomjia, na yaliyomjia yalikuwa ya mahubiri. Baadaye alipoona watu wanafukia mtaro alitaka kusimama kanisani Jumapili na kuwaambia ukweli. Mradi ulikuwa wake, alikuwa ameuandikia barua kwa mwaka mzima.

"Mbona hakusimama?"

"Nilimkataza."

Tulifundishwa shuleni kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Baba mwenyewe ndiye aliyetufundisha, akaiandika ubaoni. Miaka yote nilikuwa nikimlinda mama asije akajua jambo ambalo alilijua kabla ya Alhamisi ile kufika, na alifukia ule mtaro akilijua.

"Wewe unaona leo," akasema. "Wakati ule mwalimu akisimama mbele ya watu aseme nilidanganya, kesho nani atamletea mtoto? Kulikuwa na watu wanaitaka hiyo kazi. Shamba letu unalijua, kahawa yenyewe ilikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Na yeye alikuwa mtu wa aibu, angekunywa. Wangapi waliaibika wakaanza kunywa? Nikapima. Nikaona maji ninaweza kuyabeba. Ile aibu sikuona nikiibeba. Nikamwambia, nyamaza, mimi nitateka."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa unampenda baba yako. Ningekuambia ili ufanye nini?"

Ningeweza kuacha hapo. Lilikuwa jambo kubwa, na mtu mwingine angemkumbatia. Hata mimi nilihisi kitu kikipanda kifuani, na nilidhani ni huruma. Lakini kilipofika mdomoni hakikuwa huruma.

"Na mimi, Mama?"

"Wewe nini?"

"Mimi pia niliteka. Safari mbili kabla ya shule, kila siku, hadi nilipokwenda shule ya bweni. Nikichelewa, baba ndiye aliyekuwa amesimama langoni mwa shule na kiboko. Alinichapa. Alijua nimetoka wapi, alijua kwa nini, na alinichapa pamoja na wengine."

Sikuwa nimewahi kumwambia mtu. Tulikuwa tukiliona ni jambo la kawaida, watoto wote walichapwa, na mtoto wa mwalimu alichapwa kidogo zaidi ili pasiwe na maneno. Nilikuwa nimejivunia hata hilo, kwamba baba yangu hana upendeleo. Sasa nilimwona pale langoni, suti ya kijivu, ananinyooshea kidole nitoe mkono, na anajua. Kila asubuhi alikuwa anajua.

Matangazo yakaisha, sinema nyingine ikaanza, nikaizima.

"Siku alizokuchapa alikuwa hali chakula cha jioni," mama akasema.

"Mimi nilikula?"

Mama akavua miwani, na bila miwani kile kibonde huonekana kirefu zaidi. Aliposema tena, alisema polepole, kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda kwa kupapasa.

"Nilipopima siku ile, nilipima mgongo wangu. Wako sikuukumbuka."

Hakusema nisamehe. Kwetu mama haombi mtoto msamaha, na kama angeomba nisingejua mahali pa kutazama. Alisema hivyo tu. Akajaribu kuinuka aende kulala, akashindwa, kama anavyoshindwa kila siku saa kama hizo mgongo unapokuwa umekauka, akaninyooshea mkono nimvute.

Sikuupokea. Nilisimama mbele yake na ile hasira, na haikuwa hasira ya mwanamke anayekaribia kustaafu, ilikuwa ya mtoto wa darasa la nne, bado mbichi, na haikujua kwamba huyu ni mzee na anaumwa. Mkono wake ulikuwa hewani. Hakuurudisha. Hakuniita. Alikuwa ameelewa kwamba namngojesha, na akakubali kungoja.

Nilimwacha vile kwa muda ambao sitausema. Kisha nikamshika, nikamvuta, akainuka.